Mfuko wa Mchanga wa Bibi Mwanamkasi

Kila siku akitoka shule, Tuhfa alivua sare, akala upesi, kisha akachukua chombo cha uji alichofungiwa na mama yake na kwenda hospitali kumtazama bibi yake. Kutoka kwao Chumbageni si mbali sana, ila uji wa moto haubebwi mbio. Mwaka ule sukari ilipatikana kwa foleni, na uji wenyewe haukuwa na utamu wowote. Bibi Mwanamkasi hakuulalamikia. Alikuwa na jambo kubwa zaidi la kulalamikia.

Foleni hiyohiyo ndiyo iliyomlaza. Watu walisukumana mlangoni mwa duka la ushirika, akaangukia ngazi ya saruji, nyonga ikavunjika. Hospitalini hapakuwa na msumari wa chuma wa kuungia mfupa. Daktari Noa, bingwa wa mifupa aliyekuja Tanga mara mojamoja kutoka Moshi, aliahidi kuuleta. Kabla ya hapo, mguu ulitakiwa uvutwe mpaka mfupa urudi mahali pake. Sista Praxeda, muuguzi wa wodi, aliufunga mguu bendeji, akaunga kamba, akaipitisha juu ya kapi, kigurudumu kilichofungwa upande wa miguuni, na mwisho wa kamba akaning'iniza mfuko wa turubai uliojaa mchanga.

"Bibi, mfuko huu usiguswe," alisema. "Ukining'inia, mfupa unanyooka. Ukitolewa, misuli inaupandisha tena, kazi yote inaharibika."

"Nimesikia, mwanangu," alijibu Bibi. Kusikia, alisikia kweli.

Taabu ilikuwa kibla. Kitanda kilipangwa miguu ikielekea kusini, na Tanga watu huswali wakielekea kaskazini. Bibi hakuwa na shida ya kuswali amelala, maana mgonjwa ana ruhusa. Kilichomuuma ni kukipa kibla kisogo. Angeweza kumwambia Sista, lakini aliona haya. Ati mwanamke wa Kikatoliki, tena ana wagonjwa wodi nzima, asumbuliwe kwa mambo ya swala!

Basi alasiri moja, Sista alipotoka kwenda kunywa chai, Bibi alimwita mjukuu wake karibu.

"Tuhfa, nitolee huo mfuko. Niinue, nigeuke kidogo tu, niswali."

"Lakini bibi, Sista amesema..."

"Sista atajuaje? Nikimaliza utaurudisha. Na usimwambie mtu, umesikia?"

Tuhfa alimpenda bibi yake, na kwao mtoto habishani na mkubwa. Aliufungua mfuko. Bibi aling'ata kanga kwa maumivu, akageuka, akaswali. Kisha mfuko ukarudishwa. Kesho yake wakafanya vilevile, na siku zilizofuata pia, mpaka Daktari Noa akaja.

Alifika na misumari yake, akaagiza Bibi apigwe picha ya eksirei. Aliposhika ile picha dirishani, uso wake ulibadilika.

"Mfupa umekaa vilevile kama siku ya kwanza," alimwambia Sista Praxeda. "Kwa mgonjwa huyu kuvuta hakusaidii. Siwezi kupigilia msumari mfupa uliopandana. Tutamruhusu aende nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini?" aliuliza Bibi.

"Upumzike, mama. Kutembea ndiyo basi tena."

Tuhfa alikuwa amesimama hapohapo na chombo chake cha uji. Alimtazama bibi yake, na Bibi akamkazia macho yaliyosema wazi: funga mdomo wako. Tuhfa aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kumwona bibi yake hainuki tena.

"Daktari, shikamoo," alisema. "Ule mfuko ulikuwa unatolewa. Mimi ndiye niliyekuwa nautoa kila alasiri, ili bibi aelekee kibla."

"We mtoto!" Bibi alifoka. "Umeniaibisha mbele za watu!"

Daktari Noa aliiweka picha chini. Hakucheka, wala hakugomba.

"Kumbe kuvuta hakukushindwa," alisema. "Hakukufanyika. Hilo ni jambo jingine kabisa. Tunaanza upya, nami nitakuja tena mwezi ujao."

Sista Praxeda alishika kiuno. "Jamani, bibi! Si ungesema tu? Kitanda kina magurudumu!" Akamwita mwenzake, wakakizungusha kitanda, mfuko ukining'inia palepale, mpaka miguu ya Bibi ikaelekea kaskazini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno, ikawa aibu kuitazama.

Bibi alimnunia Tuhfa siku kadhaa. Tuhfa aliumia, lakini hakuacha kwenda.

Mwezi uliofuata picha ilionyesha mfupa umenyooka. Daktari Noa akapigilia msumari wake, na haukupita muda mrefu Bibi akawa anajikongoja wodini kwa magongo, akiwasalimia wagonjwa kana kwamba yeye ndiye mganga mkuu.

Siku ya kuruhusiwa, kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa Bibi Elizabeti wa shamba la mkonge, naye amening'iniziwa mfuko wa mchanga. Bibi Mwanamkasi alimsikia akimnong'oneza binti yake, "Nilegezee kidogo, inauma. Usimwambie mtu."

"Akh! Toa mkono wako hapo!" Bibi Mwanamkasi alipaza sauti, wodi nzima ikageuka. "Mimi nilimwambia mjukuu wangu huyu maneno hayohayo. Angenitii, leo ningekuwa nimelazwa ukumbini nageuzwageuzwa kama chapati. Linalokuuma mwambie anayekutibu. Na mtoto akiona mkubwa anajiangamiza, aseme, hata kama amekatazwa. Mimi nilimkataza, na mimi ndiye niliyekosa."

Akamgeukia Tuhfa, macho yamemlowa.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Haya, kimbia ukamwite Sista, mwenzangu anaumwa."