Madirisha Mawili ya Nyumba Namba 41

Maiti ya Clive Entwistle ilikutwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ngazi za jengo la Harrop House, chini kidogo ya ghorofa ya saba. Alilala chali, kichwa chini, miguu juu. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye ukingo wa saruji.

"Kateleza?" aliuliza Konstebo Anwar.

Daktari wa polisi alitikisa kichwa. "Anayeteleza akishuka huangukia makalio. Huyu kaenda kinyumenyume, na kifuani ana michubuko. Kasukumwa."

Inspekta Denise Hepworth alichuchumaa. Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na kifaa cha kupimia unyevu wa kuta na karatasi iliyokunjwa: ripoti ya ukaguzi wa nyumba namba 41, ya Februari mwaka jana. Maneno mawili yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu. *Madirisha mawili.*

Miaka kumi na moja Entwistle alikuwa mkuu wa kitengo cha malalamiko ya nyumba za halmashauri. Mtaa mzima uliijua sahihi yake. Sura yake hakuna aliyeijua. Alikuja kufanya nini hapa?

Nyumba namba 41 ilikuwa hatua chache kutoka pale. Bi Bernadette Scholes, mjane wa miaka sabini na miwili, alifungua mlango akiwa bado na aproni.

"Majirani wanasema walisikia kelele zako asubuhi," alisema Hepworth.

"Walinisikia, mwanangu, sikatai. Miaka miwili natafuta mtu wa kumpigia kelele, nikampata mlangoni kwangu. Ningenyamazaje!"

"Ukamfanya nini?"

"Nikampa chai." Kikongwe aliketi. "Alisimama hapo hapo ulipo, akaniambia, 'Mama, samahani, barua zako nilikuwa nazijibu bila kuzisoma.' Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Akaenda chumbani kupima ukuta. Akatoka macho mekundu. Akasema kuna mwenzake yuko njiani, lazima naye aje aone. Akatoka kumpokea. Hakurudi."

"Mwenzake nani?"

"Hakumtaja."

Hepworth aliingia chumbani. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi darini. Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati ya chumba, mbali na kuta. Dirisha lilikuwa moja.

"Hiki ndicho chumba cha Wilf wangu," Bi Scholes alisema nyuma yake. "Alikohoa humu majira mawili ya baridi. Tumemzika Novemba. Na wao, tunalalamikia ukungu, wanatuletea fundi wa kupaka rangi reli za ngazi! Ijumaa hii iliyopita. Kijani."

Alasiri hiyo Hepworth alilisoma faili lote, barua thelathini na moja. Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Ngazi ya kwanza, kitengo kijibu ndani ya siku kumi za kazi. Asiyeridhika apande ngazi ya pili. Akishindwa huko, aende kwa msuluhishi wa taifa wa malalamiko ya nyumba, ambaye halmashauri zote humwogopa. Bi Scholes alikuwa amezifuata ngazi zote kwa mwandiko wake wa kulala. Kila mara alijibiwa vilevile: mkaguzi alikuja, hakuona unyevu, mpangaji aache kukausha nguo ndani. Lalamiko limefungwa.

Barua ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja. *Bwana Entwistle, chumba cha mume wangu hakijawahi kuwa na madirisha mawili.*

Chini yake palikuwa na barua ya Entwistle mwenyewe kwenda kwa msuluhishi, tayari kutumwa. Mkaguzi aliyetajwa humo alikuwa Nigel Farrar.

Farrar, aliyeletwa kituoni, alikuwa mwanamume mwembamba, kola ya shati lake safi, vidole havitulii. Alikataa wakili.

"Entwistle alikupigia simu saa mbili na nusu leo," alisema Hepworth. "Alitaka nini?"

"Mambo ya kazi."

"Ulikwenda Harrop House?"

"Leo? Hapana."

"Kiganja chako cha kulia kimeacha alama kwenye reli ya ngazi, ghorofa ya saba."

"Si nilikagua pale, afande? Februari mwaka jana. Lazima niliishika."

"Reli imepakwa rangi Ijumaa. Alama iko juu ya rangi."

Farrar alikishusha kiganja chake chini ya meza.

"Nyumba ya Bi Scholes, chumba cha ndani," Hepworth aliendelea kwa upole. "Kina madirisha mangapi?"

Farrar aliinamisha kichwa, akatazama vidole vyake.

"Hujui."

"Sijui." Sauti ilikuwa ndogo. "Sijawahi kuingia."

"Tuambie."

"Nyumba arobaini kwa wiki, mkaguzi mmoja. Siku moja nilichelewa, nikajaza ripoti mezani kwangu. Hakuna aliyeuliza. Wiki iliyofuata nikajaza tatu. Ukishajaza tatu..." Alijifuta uso. "Entwistle akawa anazitia sahihi tu."

"Ukamuua asikupeleke kwa msuluhishi."

"Hapana!" Farrar aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Kazi nilishakubali kuipoteza. Nilimwambia, tuma barua yako. Akasema haitoshi. 'Tutaingia wote wawili, Nigel, umtazame mama wa watu usoni, umwambie hukuja.' Mlango ulikuwa wazi. Nilikiona kiti chenye kofia ya mzee juu yake. Nikageuka nishuke. Akanizibia njia, mgongo wake kwenye ngazi, akanishika mikono. Nilitaka kupita tu. Nilimsukuma nipite."

"Kisha ukakimbia."

"Nilimruka, afande. Nilimruka nikakimbia."

Anwar aliacha kuandika. Hepworth aliweka mikono juu ya meza.

"Ziko nyingine?" aliuliza. "Ulizojaza bila kufika?"

"Ziko."

"Tutazitafuta kwenye kumbukumbu za halmashauri."

"Haina haja." Farrar alifumba macho. "Harrop House, namba 9. Namba 16, ya wenye mapacha. Namba 22. Namba 30, yule mama aliyeandika ana pumu..."

Anwar aliigeuza karatasi, akaendelea kuandika. Iliwachukua hadi magharibi, na Farrar hakusita kwenye hata namba moja.