Ukurasa Uliokatwa wa Braehead

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya mvua, Sajini Effie Rankine aliinama mezani katika ukumbi wa parokia ya Kilverran, magoti yakimuuma. Mbele yake kulikuwa na daftari la ukaguzi wa majengo la mwaka 1936. Ukurasa wa 41 ulikuwa umekatwa kwa wembe.

"Jana saa kumi ulikuwapo," alisema Wilma Petrie, mtunza kumbukumbu, aliyemfundisha Effie kusoma. "Gillanders aliushika mwenyewe. Mengine unayajua."

Nani asiyeyajua? Struan Gillanders alitaka kubomoa nyumba yake ya Braehead, alimopanga Una Laidlaw, ajuza wa miaka themanini na moja, lakini sheria ilikataza kubomoa nyumba iliyothibitika kuwa makazi ya kale.

"Uliandikwa nini, Mwalimu?"

"Hata sijui. Sijawahi kuusoma."

Effie alipita kwa Una kwanza. Mguu wa ajuza ulikuwa umefungwa plasta ngumu. Hata mlangoni hangeweza kufika, sembuse ukumbini.

Kisha akamkuta Gillanders akizalisha kondoo.

"Mimi niuibe? Umerukwa na akili, Sajini? Leo saa nne nilikuwa nakuja kuutolea nakala! Ukurasa wenyewe unasema Braehead ilikuwa zizi. Nani atanizuia kubomoa zizi?"

Effie alirudi ukumbini akiwa amelowa, hana hamu ya jibu alilokwisha kulihisi. Akafungua faharasa iliyoongezwa baadaye mwishoni mwa daftari. *41: Braehead, zizi la ng'ombe.*

"Mwandiko wa nani huu, Mwalimu?"

"Wangu," alisema Wilma. Kisha akatoa karatasi mkobani.

"Wangemtupa Una nje, Effie. Umri ule, nani atampokea?"

Effie aliigeuza karatasi. Nyuma, kwa wino uleule uliofifia: *Kuna meko ya kale, na kitanda kilichojengwa ukutani. Wafumaji waliishi humu hadi 1871. Ng'ombe waliletwa baadaye.*

"Upande huu uliusoma?"

Wilma alisoma hadi mwisho. "Niliishia mstari wa kwanza. Miaka ile nilipoandika faharasa, na jana pia."

"Ukurasa huu ungemwokoa Una. Sasa wakili wa Gillanders atauliza ulilala mkobani mwa nani, na nani kaandika huku nyuma."

"Basi sema umeuokota."

Effie alitamani. Alivuta kiti, akakaa kwa uzito, akatoa fomu ya polisi ya maelezo.

"Jina kamili, Mwalimu," alisema, ingawa alilijua tangu ana miaka mitano.