Mwanya wa Bilan

Kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma mabati, Bilan alikuwa na kazi zake. Alifagia ua, akawafungulia mbuzi, kisha akachemsha chai huku mama yake, Fowsiya, akipika mikate ya anjera. Kazi zikiisha, alipiga mswaki mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa karibu na pipa la maji. Hapo ndipo alipokuwa akichelewa. Aliuinua mdomo wa juu kwa kidole, akautazama mwanya uliokuwa katikati ya meno yake mawili ya mbele, na asiondoke mpaka aitwe.

Bilan alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya saba. Baba yake, Mahat, alikuwa mfugaji na mfanyabiashara wa ngamia, na miezi mingi alikuwa huko Kutulo, mbali kaskazini, akiangalia mifugo iliyobaki baada ya ukame. Nyumbani, mtaani Bulla Iftin, walibaki Fowsiya, Bilan na mdogo wake Rahmo.

"Bilan! Shule itafungwa ukiwa hapo kwenye kioo!"

"Naja, Hooyo. Naangalia tu huu mwanya."

Fowsiya alicheka. Naye alikuwa na mwanya, tena mpana zaidi. "Huo ni fanah, mwanya wa urembo, mwanangu. Wasichana wa rika langu walikuwa wakiutamani. Babako aliniona nikicheka tu, akatuma wazee."

"Siku zenu ni zenu, Hooyo. Siku hizi watu wanauziba."

Maneno hayo hakuyatoa hewani. Binamu yake Filsan, mtangazaji wa redio pale mjini, alikuwa karibu kuolewa, na alikuwa amerudi kutoka Nairobi akiwa na meno mapya. Ukoo wao wote ulijulikana kwa mwanya. Filsan alipoingia nyumbani na kutoa salamu, Bilan aliona safu ya meno meupe yaliyoshikana kama punje za mahindi machanga. Alisahau hata kuitikia.

Walipobaki wawili, alimsogelea. "Abaayo Filsan, mwanya wako umeenda wapi?"

"Upo," Filsan alijibu, akitabasamu. "Umefunikwa tu. Daktari wa meno alinibandikia vigamba."

"Vigamba kama vya samaki?"

"Vya kauri, kama ile ya vikombe vya chai. Vyembamba sana. Daktari hupima meno, hulipunguza kidogo lile tabaka gumu la nje, kisha hubandika kigamba mbele ya kila jino. Kigamba kikiwa kipana kuliko jino lenyewe, mwanya huzibika."

"Nami nataka."

"Wewe? Hakuna daktari wa kweli atakayekuwekea. Meno yako bado ni machanga. Subiri ukue, kisha uamue."

Subiri. Bilan alilibeba neno hilo mpaka shuleni siku iliyofuata, na lilimkera kama kijiwe kwenye kiatu.

Aliyemsikiliza alikuwa Khadra, rafiki yake wa dawati moja. Jioni hiyo walikaa nyumbani kwa akina Khadra, wakaomba simu ya mama yake kwa ajili ya kazi ya sayansi. Sayansi iliisha haraka. Walitazama video moja baada ya nyingine, mpaka wakamwona msichana mmoja wa nchi ya mbali akivuta kimpira kidogo na kukizungusha kwenye meno yake mawili ya mbele. Mwishoni mwa video, mwanya haukuwepo.

"Wallahi, ni hivyo tu?" Bilan alisema.

"Lakini si hatari?" Khadra aliuliza.

"Mbona yeye anacheka?"

Nyumbani kulikuwa na kikopo cha vimpira vya kufungia misuko ya Rahmo, vidogo na visivyo na rangi kama maji, visivyoonekana kirahisi. Bilan alichukua kimoja, akakiosha, akakivalisha meno yake kila alipokwenda kulala. Kilibana. Usiku meno yaliuma, lakini aliona maumivu ni dalili kwamba kazi inafanyika. Na kweli ilifanyika. Mwanya ulipungua siku kwa siku mpaka meno yakagusana.

Mama yake hakukosa kuona. "We Bilan, mbona mwanya wako unapotea?"

"Unajifunga wenyewe, Hooyo. Mtu akikua meno husogea."

Fowsiya alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mambo yake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Asubuhi moja Bilan alipeleka kidole mdomoni kukitoa kimpira, asikipate. Alipekua shuka na mkeka. Akafikiri, pengine amekimeza. Hakujali sana, maana meno yalikuwa yamekaa pamoja bila kushikiliwa. Wiki hizo alicheka kwa kila jambo, hata lisilochekesha.

Kisha ufizi ukaanza kuvimba. Kwanza ulikuwa mwekundu, baadaye ukatoa damu kila alipopiga mswaki. Meno mawili ya mbele yakaonekana marefu kuliko mengine, kana kwamba yanajichomoa taratibu. Bilan aliacha kusimama kwenye kioo. Alivuta hijabu yake karibu na mdomo alipoongea, na anjera aliilowesha kwenye chai mpaka ikawa uji. Akiulizwa, alisema joto limemwondolea hamu ya kula.

Siku moja wakati wa mapumziko aliuma kipande cha sambusa, na jino likacheza. Damu ikamchuruzika kidevuni. Khadra aliona.

"Ni kile kimpira?"

"Kilishatoka kitambo."

"Basi mwambie mama yako."

"Khadra, ukimwambia mtu yeyote, urafiki wetu umekwisha."

Khadra aliitunza siri. Lakini siku chache baadaye mto wa Bilan ulisema wenyewe. Fowsiya alipokuwa akitandika aliona madoa ya damu, akamwita mtoto, akamshika kidevu na kumfungua mdomo. Alichokiona kilimfanya avae buibui yake saa hiyo hiyo.

Daktari wa meno mjini aliitwa Abdullahi. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu fupi, na kabla ya kugusa jino alieleza kwanza kila chombo alichoshika. Aliyatikisa yale meno mawili kwa ncha ya kidole. Yote mawili yalicheza. Akapiga picha ya eksirei, akaitundika mbele ya mwanga, akaitazama.

"Bilan, nikuulize," alisema hatimaye. "Umewahi kuweka kitu chochote kwenye meno haya? Uzi, mpira, gundi?"

Bilan alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Hapana."

"Una hakika? Sikuulizi ili nikukaripie."

"Hapana, daktari. Sijaweka kitu."

Daktari alimgeukia Fowsiya. "Mama, mfupa unaoshikilia meno haya umeliwa sana. Meno mengine yote ni mazima. Kwa mtoto wa umri huu, nisipoona sababu mdomoni, lazima niitafute mwilini. Kuna maradhi ya damu, na kuna mengine, ambayo wakati mwingine huanza hivi. Sisemi kwamba anayo. Nasema lazima tupime, na vipimo vingine ni vya Nairobi."

Fowsiya alishukuru, akamshika mtoto mkono, wakatoka.

Alasiri hiyo Bilan alikuwa amejilaza chumbani, akijifanya amelala fofofo. Ukuta ulikuwa wa mbao, na sauti ya mama yake uani ilipita vizuri. Alikuwa akizungumza na baba kwa simu, na mtandao wa Kutulo ulikuwa mbovu kiasi kwamba aliiweka simu kwenye spika na kurudia maneno.

"Damu, Mahat. Amesema maradhi ya damu. Hapana, hawajapima. Nairobi."

Sauti ya baba ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. "Nitamuuza yule ngamia wa maziwa. Ndama atazoea. Kesho asubuhi kuna mnada."

"Ndiye wa maziwa pekee aliyebaki, Mahat."

"Mtoto kwanza, ngamia baadaye. Mwambie asiogope."

Simu ilikatika. Bilan alimsikia mama yake akijimiminia maji ya udhu kutoka kwenye birika, kisha akamsikia akilia, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka watoto wajue. Mama yake hakuwa mtu wa kulia. Hata mwaka ule mbuzi wengi walipokufa hakulia.

Bilan aliinuka. Njia kutoka chumbani mpaka uani, ambayo ni hatua chache tu, ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu alitoka.

"Hooyo, mimi si mgonjwa."

Fowsiya alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Rudi ulale."

"Niliweka kimpira. Vile vya nywele za Rahmo. Nilikivalisha kwenye meno ili mwanya uzibe, kikapotea. Daktari aliponiuliza nilidanganya. Nawe nilikudanganya." Alisema yote kwa pumzi moja, kwani aliogopa kwamba akipumzika hatamaliza. "Mwambie Aabo asiuze ngamia."

Bilan alingoja kofi, au kelele. Havikuja. Mama alichukua simu na kupiga Kutulo, mara ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa. Ya tatu ilishika. Aliposema yote na kukata, ndipo alipomgeukia binti yake.

"Nilikuwa nakuona kaburini," alisema. Kisha akaenda kuswali.

Asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari. Bilan alisema mwenyewe, kwa maneno yake, bila kusukumwa. Daktari Abdullahi alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hicho kimpira hukukimeza. Jino ni nene hapa mbele na jembamba kule kwenye mzizi. Mpira hauna pa kushikilia, kwa hiyo uliteleza kwenda juu, ukaingia chini ya ufizi, ukaendelea kubana huko ndani na kula mfupa. Na mpira hauonekani kwenye eksirei. Ningeweza kupiga picha mia moja nisiuone."

Alimdunga sindano ya ganzi, akaufungua ufizi kidogo kwa chombo chembamba, akatafuta. Fowsiya aligeuza uso. Baada ya muda daktari aliweka kitu juu ya pamba nyeupe: duara dogo la mpira, lililolegea na kubadilika rangi. Kilikuwa kitu kidogo hivyo.

Aliusafisha ufizi, akayafunga meno ya mbele kwa waya mwembamba ili yasicheze mfupa ukitafuta nguvu. "Siwezi kuahidi," alisema. "Yanaweza kupona, yanaweza kuanguka. Dawa tumia zote, mswaki laini, na uje kila nitakapokuita."

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Bilan alienda kliniki kila alipoitwa. Siku aliyorudi shuleni na waya mdomoni, wengine walitaka kujua ni wa nini, naye akawaeleza. Wasichana wawili wa gredi ya sita walitazamana, na mmoja wao akaenda msalani haraka, kidole kikiwa mdomoni. Khadra naye alikuja kumtembelea akiwa na aibu.

"Ningesema mapema," alisema.

"Mimi ndiye niliyekufunga mdomo," Bilan akajibu. "Si wewe."

Filsan alikuja pia, siku chache baada ya harusi yake, mikono ikiwa bado na hina. Aliketi kando ya Bilan mkekani.

"Nilikuonyesha uzuri tu," alisema. "Sikukwambia mengine. Meno yangu yamepunguzwa, na yakishapunguzwa hayarudi. Mifupa siumi tena. Kigamba kikivunjika nitarudi kwa daktari, na miaka ikipita vitabadilishwa. Nilijua hayo yote nikakubali, kwa sababu ni mtu mzima na daktari alinieleza. Wewe hukuelezwa na mtu yeyote ila simu."

Waya ulipotolewa, daktari Abdullahi aliyatikisa meno tena. Hayakucheza. Picha mpya ilionyesha mfupa umeanza kujijenga. Ufizi ulikuwa umepanda kidogo na hautashuka tena, na mwanya ulikuwa umerudi, mwembamba kuliko ule wa kwanza.

"Daktari," Bilan aliuliza, "nikiwa mkubwa naweza kuwekewa vigamba?"

Fowsiya alitaka kumkatiza, lakini daktari aliinua mkono. "Swali zuri. Ukiwa mkubwa, na fizi zako zikiwa na afya, njoo tuzungumze. Kuna vigamba, kuna waya za kuyasogeza meno polepole, na kuna kuuacha mwanya ulivyo. Kutaka kupendeza si kosa, na wala si kosa lililokuleta hapa."

"Kosa langu ni kile kimpira."

"Kimpira kilikuwa ujinga wa mtoto, na ujinga hutibika mara mtu anapouliza." Daktari alivua glavu zake. "Nilikuuliza mara mbili kwenye kiti hiki hiki. Ukanijibu hapana, na hapana hiyo ingenituma kutafuta maradhi ambayo hayapo, huku mpira ukiendelea kula mfupa. Kimpira kilianza kuyang'oa meno yako, Bilan. Uongo ndio uliokificha ili kimalize kazi. Ukimficha daktari, au mzazi, unakinyima kidonda chako mtu wa kukitibu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Basi nenda. Na umsalimie babako."

Walitoka nje, jua likiwa limeshapanda. Fowsiya alinunua maembe ya Mto Tana kwa mwanamke aliyekaa kando ya barabara, akalimenya moja kwa kisu kidogo na kumpa binti yake kipande. Bilan alisita. Miezi yote hiyo alikuwa akikatiwa chakula vipande vidogo na kutafunia pembeni.

"Uma," mama yake alisema. "Kwa meno ya mbele."

Bilan akauma. Meno yalishika, embe likakatika. Alitafuna polepole, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na mama yake akamsubiri hapo hapo juani mpaka alipolimaliza.