Kipaza na Macho Mapya ya Bibi

Kila Jumapili asubuhi, Mama na Baba wakishatoka kwenda kazini, Kipaza alibaki na kazi zake tatu. Ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo. Ya pili ilikuwa kumwogesha mdogo wake, kazi iliyohitaji nguvu na maneno makali. Ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote: kumpigia simu Bibi.

Jina la Kipaza alibandikwa na Baba. Walipohamia nchi ile ya mbali, yeye ndiye aliyeishika lugha ya wenyeji kabla ya watu wazima. Mwenye nyumba akija kulalamika kuhusu bomba, msichana yuko katikati anatafsiri. Daktari akimuuliza Mama anaumwa wapi, msichana yuko katikati. "Wenzangu wana wanasheria," Baba alikuwa akisema huku akivua viatu vyake vya kazi. "Mimi nina kipaza sauti changu."

Maisha ya ugenini yaliwapa mengi na kuwanyang'anya mengi. Baba alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Kule nyumbani alikuwa na karakana yake, ingawa wateja walimzungusha kulipa. Hapa alifanya kazi chini ya msimamizi kijana aliyemwita kwa kupiga mluzi, lakini mshahara haukuchelewa hata mara moja. Mama, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, sasa alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono yake ilikauka kwa sabuni mpaka ikapasuka. Kipaza mwenyewe alisoma katika shule yenye maktaba kubwa, na bado hakuwa na rafiki hata mmoja wa kumtembelea nyumbani.

Mdogo wake alifika akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kule nyumbani, mgongo uliombeba ulikuwa wa Bibi, mama yake Baba, kwa sababu Bibi ndiye aliyekuwa akishinda naye wazazi wakiwa kazini. Sasa mtoto alikuwa na miaka saba, meno ya mbele yamemng'oka karibu kwa mpigo mmoja, na dada yake alimwita Kibogoyo. Alipoanza shule, mwalimu aliwashauri wazazi wazungumze naye lugha ya hapa ili asiachwe nyuma. Wakatii, kila mmoja kwa lugha yake ya kuungaunga. Kibogoyo akaijua lugha ya shule kama maji, na ile ya nyumbani akabakiwa na makombo: njoo, kula, lala, acha.

Uongo ulianza kidogo tu, Kibogoyo akiwa na miaka mitano.

"Shikamoo, Bibi," Kipaza alisema Jumapili moja.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wangu yuko wapi? Mpe simu."

Ndivyo Bibi alivyowatania wajukuu wake siku zote. Kipaza akamsogezea mdogo wake simu. Kibogoyo hakugeuza hata shingo. Akajibu kwa lugha ya shule, "Mwambie simjui. Niache niangalie katuni yangu."

Upande wa pili Bibi alikuwa akisubiri. Kipaza aliisikia hata pumzi yake. Angeanzaje kumwambia mzee neno kama lile? "Anasema amekukumbuka sana, Bibi," akasema. Bibi akacheka, kicheko kikageuka kilio, na akamwita Shangazi, aliyeishi naye, aje asikie maajabu.

Tangu hapo ikawa hivyo kila wiki. Kibogoyo aliguna, na Kipaza akatoa sentensi nzima. Siku moja alitia chumvi kupita kiasi, akasema mdogo wake ameulizia jogoo mwekundu aliyekuwa akimfukuza uani zamani. Bibi akaapa kwamba jogoo huyo hatachinjwa mpaka mwenyewe arudi. Jogoo akazeeka, akapofuka jicho moja, akawa anawika katikati ya mchana watu wamejipumzisha. Majirani walilalamika na Bibi hakutaka kuwasikia. "Ni wa mume wangu," aliwajibu. "Yuko mbali, lakini hajamsahau."

Kipaza alijua anampaka Bibi mafuta kwa mgongo wa chupa. Alijituliza kwa kujiambia kwamba hakuna anayeumia. Bibi mwenyewe alikuwa haoni. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Kwake wajukuu walikuwa sauti tu.

Miaka yote hiyo Mama na Baba walijibana ili macho hayo yatibiwe. Ndiyo sababu walikuwa wakienda kazini hata Jumapili. Mwishowe fedha zikapelekwa, Bibi akafanyiwa upasuaji, jicho moja kisha jingine. Shangazi alisimulia kwamba bandeji ilipotolewa, Bibi aliutazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi." Nyumbani kwa akina Kipaza walicheka na kulia kwa pamoja. Baba akasema jambo hilo moja linalipa baridi yote waliyoivumilia. Kisha akamnunulia Bibi simu kubwa ili awaone wajukuu wake.

Kipaza alishangilia pamoja nao, mpaka alipoikumbuka Jumapili. Sasa Bibi angeuona uso wa Kibogoyo.

Siku ilipofika, alimwahidi Kibogoyo kwamba atamtandikia kitanda wiki nzima, mradi tu akae kitako, atazame kioo cha simu na atabasamu. Kibogoyo akakubali shingo upande. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la sukari, na kwanza likatokea paji la uso peke yake.

"Mama, isogeze mbali kidogo," sauti ya Shangazi ilisikika.

Ndipo Bibi akatokea mzima, sura ndogo yenye mikunjo tele. "Msiseme kwanza," akasema. "Niacheni niwatazame." Akawatazama, akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Mume wangu, hujambo?"

Kibogoyo alinong'ona kwa lugha ya shule, "Nikae hapa mpaka lini?"

"Anasema hajambo," Kipaza akadakia, "na amefurahi umepona macho, na kila akilala anaota anacheza uani kwako."

Bibi akacheka, lakini si sana. "Mbona yeye kasema vineno vitatu, nawe umenipa gunia zima?"

"Lugha ya huku ni fupi, Bibi."

Shangazi akaleta jogoo mbele ya kioo. Alikuwa amenyonyoka shingo, jicho moja limefumba. Kibogoyo akajivuta nyuma, uso umemkunjamana. "Huyo ndege mgonjwa ni wa nini?" akauliza.

"Anasema amefurahi kumwona jogoo wake," Kipaza akasema.

Bibi hakumtazama Kipaza. Alimtazama mtoto. "Uso huo nauona," akasema polepole. "Si uso wa furaha. Mke mwenzangu, mtoto huyu ananijua?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini mwa Kipaza, lakini macho yale yalikuwa yakimwangalia sasa, maangavu na safi. "Hapana, Bibi."

"Na jogoo? Na hizo ndoto?"

"Ni mimi."

Bibi hakugomba. Aliishusha simu tu. Kwenye kioo likaonekana dari, kisha hakikuonekana kitu.

Jioni, wote wanne wakiwa mezani, Kipaza alieleza kila kitu, chakula kikipoa mbele yake. Baba alikunja uso, akafungua mdomo kumkaripia. Mama akamwekea Baba mkono begani.

"Tusimwangushie yeye mzigo wote, baba watoto," alisema. "Nimefundisha watoto wa watu kusema na kuimba. Wangu mwenyewe nimemfungia lugha mlango, kwa sababu niliogopa atachekwa shuleni." Akaitazama mikono yake iliyopasuka. Kibogoyo aliwaangalia mmoja mmoja. Hakuelewa maneno, lakini alielewa kwamba anazungumziwa yeye, na aliacha kula.

Tangu kesho yake lugha ya nyumbani ikarudi mezani. Kijiko kikawa kijiko, chumvi ikawa chumvi. Kibogoyo alilalamika, akacheka, akakosea, akarudia. Katikati ya wiki Shangazi alituma ujumbe uliowanyong'onyesha wote. Bibi alikuwa hasemi na watu, na amesema jogoo achinjwe tu, maana hana mwenyewe.

Kipaza akaona hakuna wakati wa kupoteza. Akamkalisha Kibogoyo kitandani. "Jumapili utasema hivi: Nimekukumbuka sana, Bibi."

Kibogoyo alirudia vizuri, bila kukosea. "Maana yake nini?"

Kipaza akamweleza kwamba maana yake umekuwa ukimuwaza mtu na kutamani kumwona. Mtoto akatikisa kichwa. "Lakini si kweli. Simkumbuki hata kidogo. Kwa nini nimwambie hivyo?"

Kipaza aliukumbuka mgongo wa Bibi, harufu ya nguo zake, wimbo aliowaimbia wakigoma kula. Alifikiri kama kukumbuka kungekuwa kitu cha kugawana, angemmegea mdogo wake nusu. Machozi yakamlengalenga.

"Simkumbuki," Kibogoyo akauliza, "kwa lugha ya Bibi inasemwaje?"

Ingekuwa rahisi kumfundisha maneno mengine, na mtoto asingejua. Lakini dada yake akamfundisha yale yale aliyoyaomba, na kila alipoyarudia yalimchoma.

Jumapili ile Mama na Baba waliomba ruhusa kazini. Baba ndiye aliyepiga simu na kumsihi mama yake akae mbele ya kioo. Bibi alikaa, ameinamisha kichwa.

"Bibi, nilikudanganya," Kipaza alisema. "Nisamehe. Leo sitatafsiri." Akainuka, akamwachia mdogo wake kiti.

"Shikamoo, Bibi," Kibogoyo akasema.

Bibi akainua kichwa. "Marahaba."

"Mimi..." Akavuta pumzi. "Mimi sikukumbuki, Bibi."

Mama alijiziba mdomo. Baba alitazama sakafu. Machozi yalimtoka Bibi, yakapita katika mikunjo ya mashavu. Kibogoyo akaingiwa na hofu, akaongeza neno ambalo hakufundishwa kwa siku ile, neno alilolizoea mezani. "Lakini nataka."

"Unataka nini, mume wangu?"

Alimgeukia dada yake kuomba msaada. Kipaza akauma mdomo, hakutoa sauti. Basi mtoto akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, penye uso wa Bibi.

Bibi akacheka huku analia, na mdomo wake ulipofunguka Kibogoyo akaona ufizi mtupu. Akakodoa macho. "Kibogoyo!" akasema, akicheka na kuonyesha pengo lake mwenyewe, ambalo kwa kawaida alilificha kwa midomo. Hata Baba aliangua kicheko.

Kelele zilipotulia, Bibi alimwita Kipaza karibu. "Mke mwenzangu, nimeumia, sikufichi," alisema. "Nilimbeba mtoto huyu mpaka mgongo ukapinda, na leo hanijui. Kumhamisha mtoto mbali kuna faida, na macho yangu ni ushahidi. Kuna na hasara, na hasara hii hairudishwi na simu. Lakini haikuwa kazi yako kunifichia. Uliponipa maneno ya kubuni, nilidhani nazungumza na wajukuu wawili, kumbe nazungumza na wewe mara mbili. Ningelijua mapema, ningeanza kumfundisha mapema. Ukweli ungenitia uchungu siku moja. Uongo umenila miaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi yamekwisha. Kila Jumapili nipe mtoto huyu, aseme kidogo alichonacho, kiwe chake."

Akainama, akamwinua jogoo, ambaye bado alikuwa hai kwa sababu Shangazi hakuwa na moyo wa kumchinja.

"Huyu nani?"

"Jo... jogoo," Kibogoyo akasema.

"Wa nani?"

Mtoto akafikiri. Wote walijua jibu ambalo Bibi alikuwa amelisubiri miaka yote ile, na Kipaza alilijua kuliko wote. Alifumba mdomo wake, akasubiri pamoja nao.

"Wa Bibi," Kibogoyo akasema.

Bibi akampapasa jogoo shingo yake iliyonyonyoka. "Kweli," akasema. "Ni wa Bibi."