Sentensi Ambayo Mchoraji Hakuiandika

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye karakana ya mjomba wake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alivua sweta la shule, akajifunga aproni iliyomfika magotini, kisha akafagia vipande vya karatasi vilivyozagaa chini ya mashine ya kukatia. Karakana ilinukia wino na gundi. Mashine zilipoanza kunguruma, watu walilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, jambo ambalo halikumsumbua Chiriku hata kidogo.

Kwa kawaida Mjomba alichapa kadi za harusi, kalenda na vyeti. Muhula huo, hata hivyo, alipata kazi iliyomfanya atembee kifua mbele. Jumba la makumbusho lilimwomba atengeneze karatasi za barua, bahasha na kadi zenye picha za mchoraji mashuhuri aliyezaliwa katika mji huo na kufariki miaka mingi iliyopita. Jumba hilo lilihifadhi pia barua alizomwandikia kaka yake alipokuwa akiishi ng'ambo. Kila kadi ingekuwa na picha yake, na pambizoni mstari mmoja kutoka kwenye barua hizo, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Chiriku, wewe si ndiye bingwa wa maneno?" Mjomba alisema, akimkabidhi bahasha kubwa ya nakala. "Soma hizi, unitafutie mistari mifupi yenye kuvutia. Kakako ataipanga kwenye kompyuta."

Kaka huyo alikuwa mtoto wa Mjomba, mkubwa kidogo kwa Chiriku. Walimwita Injinia kwa sababu hakuna kitu chenye waya ambacho hakuwahi kukifungua.

Chiriku alizisoma barua kwa hamu, lakini hamu ikaanza kumwisha. Alidhani mtu anayechora vizuri vile angeandika mambo matamu. Kumbe mchoraji alilalamika tu! Viatu vyake vilivuja. Jirani yake alikoroma. Supu haikuwa na chumvi. Mistari mizuri ilikuwepo, ila ya kuokoteza. Mwishowe ikabaki kadi moja isiyo na maneno, nayo ndiyo iliyokuwa na picha nzuri kuliko zote: msichana mdogo aliyeketi juu ya mkeka mwekundu.

"Hapa panataka maneno ya kugusa moyo," alimwambia Injinia. "Katika barua hii ameandika, 'Mwambie binti,' halafu anaanza kugomba. Katika hii nyingine kuna, 'kila nikishika rangi nyekundu namkumbuka.' Ingekuwa sentensi moja, ingependeza kweli."

"Tatizo liko wapi?" Injinia aliuliza. Alikata kipande huku, akakata na kule, akavisogeza vipande viwili kwenye kioo cha kompyuta mpaka vikagusana. Mwandiko ulikuwa mmoja, kwa hiyo kiungo hakikuonekana. Pambizoni pakasomeka: *Mwambie binti, kila nikishika rangi nyekundu namkumbuka.*

"Hapo sasa!" Chiriku alipiga makofi.

Mjomba alipoiona aliisoma mara mbili. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye barua, Mjomba."

Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wakazichapa kadi hizo, wakazikata, wakazifunga kwa utepe. Boksi moja la sampuli likapelekwa kwa binti wa mchoraji, bibi mzee aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya picha na barua kutumika.

Wiki iliyofuata bibi huyo alifika karakanani. Alivaa nguo zake za kutokea, na mkononi alishika kadi yenye picha ya mkeka mwekundu. Mjomba alizima mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sitakaa sana. Nimekuja kuiona barua yenye maneno haya." Aliinua kadi ile. "Baba aliondoka nikiwa mdogo. Barua zake zote aliandikiwa baba mkubwa. Mimi sikuandikiwa hata moja. Zilipopelekwa kwenye jumba la makumbusho sikutaka kuzisoma. Niliogopa nisije nikasoma zote nisikute jina langu. Sasa nimeona hii. Binti ni mimi, hakuwa na mwingine. Nataka kuisoma barua nzima kabla sijafa."

"Hilo ni jambo dogo," Mjomba alisema, akitabasamu. "Chiriku, mletee bibi ile barua."

Chiriku aliinuka, akaketi tena. Alete ipi? Ile ya mwanzo au ile ya pili? Alianza kupekua nakala kama mtu anayetafuta, ingawa alijua vizuri kwamba anachotafuta hakimo. Alimtazama Injinia, Injinia alikuwa anatazama viatu vyake.

"Labda imechanganyika na nyingine," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Tafuta taratibu, mjukuu wangu," bibi alisema. "Nimesubiri umri mzima. Nitarudi kesho."

Alipoondoka, Chiriku alimvuta Injinia nyuma ya marobota ya karatasi. "Tulidanganya?"

"Tulidanganyaje? Hatukuongeza hata herufi. Maneno yote ni yake."

"Sasa mbona barua haipo?"

Injinia alijikuna kichwa. "Hapo ndipo na mimi sielewi."

Nyumbani Chiriku hakula vizuri. Mama yake alipomuuliza, alijibu haumwi. Kichwa kilimzunguka. Kila neno lilikuwa la mchoraji, hata wino ulikuwa wake. Sentensi ikawa ya nani basi? Akisema ukweli, bibi atalia. Akinyamaza, bibi atafurahi, na je, kumfurahisha mzee ni kosa? Lakini bibi alikuwa anaifurahia barua ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Chiriku hakujua ashike lipi aache lipi.

Kesho yake alipiga moyo konde. Alimkuta Mjomba akinoa kisu cha mashine, akamweleza yote. Kwa mara ya kwanza alieleza jambo kwa maneno machache. Mjomba hakufoka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kidole kwa kidole mpaka Chiriku akatamani afokewe.

"Akija, utamwambia wewe," alisema hatimaye. "Mimi nitasimama karibu."

Bibi alikuja. Chiriku akaziweka barua mbili mezani. "Bibi, naomba unisamehe. Barua uliyoitaka haipo. Nilikata maneno hapa, nikakata na hapa, nikayaunga. Hii ya pili hakuwa anakuzungumzia wewe."

"Alikuwa anamzungumzia nani?"

Chiriku aliweka kidole kwenye mstari. "Mtu aliyemuuzia rangi mbovu, bibi. Anasema, 'Yule tapeli alinichanganyia nyekundu na matope. Kila nikishika rangi nyekundu namkumbuka.'"

Bibi alichukua mkoba wake, akatoka nje polepole. Chiriku alibaki amesimama. Alikuwa amesema ukweli, kama anavyofundishwa kila siku. Kwa nini basi alijisikia vibaya kuliko aliponyamaza?

Siku zilipita. Kadi za mkeka mwekundu zilikaa kwenye kona bila kuguswa. Mjomba alilipigia simu jumba la makumbusho, akaomba radhi, akaomba na muda zaidi. Kisha mchana mmoja mlango ukafunguliwa, bibi akaingia, akavuta kiti mwenyewe.

"Siku ile ulinisomea barua ya pili tu," alisema. "Ile ya kwanza je? 'Mwambie binti,' halafu?"

Chiriku alimtazama Mjomba, naye akamwashiria asome. Akasoma: "'Mwambie binti aziache brashi zangu kabisa! Najua yuko nazo. Ile pana nimeitafuta kwenye sanduku sikuiona. Nikirudi nitaikagua unywele kwa unywele.'"

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Chiriku aliogopa, akidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika mbavu.

"Nilikuwa nayo!" alisema akifuta machozi. "Niliiiba kwenye sanduku lake usiku wa kuamkia safari, nikawapaka kuku wa jirani rangi ya buluu. Brashi ikabaki kipara. Kumbe alijua! Alikuwa huko mbali na alijua ni mimi." Akaishika nakala ile kwa mikono miwili. "Huyu ndiye baba yangu. Hivi ndivyo alivyokuwa akisema. Nasikia hata sauti yake."

"Hukukasirika, bibi?" Chiriku aliuliza. Bado mambo hayakumkaa sawa kichwani. "Yale mengine yalikuwa mazuri zaidi."

"Nilikasirika, tena sana. Maneno yako yalikuwa matamu, mjukuu wangu, lakini mtu hakuwemo. Haya ni machungu kidogo, na baba yumo."

Mjomba alivuta picha mbili za kalenda kutoka kwenye rundo la mabaki, moja ya mwanamke, nyingine ya twiga. Alizikata, akaweka kichwa cha twiga juu ya mabega ya mwanamke.

"Kila kipande hapa ni cha kweli," aliwaambia Chiriku na Injinia. "Lakini mnyama huyu mnamfahamu? Kusema kweli hakuishii kwenye kutoongeza neno la uongo. Ukimnukuu mtu, mpe maneno yake pamoja na maana yake. Ukiona hayapendezi, tafuta mengine, au acha nafasi wazi."

Jioni ile waliziingiza kadi za mkeka mwekundu kwenye mashine ya kukatia, zikawa vipande vidogo vya kuandikia namba za simu. Bibi alikataa kuondoka. Aliketi karibu na dirisha, akamwomba Chiriku amsomee barua zote kuanzia ya kwanza, na viatu vinavyovuja, na jirani anayekoroma, bila kuruka hata mstari mmoja.