Binamu, Joka na Brashi ya Shubiri

Joka langu lilikuwa juu ya meza ya mashindano ya kupaka rangi visanamu, na mbele yake kadi yenye jina la binamu yangu...

Ndugu wasomaji, miezi minne nimelipaka rangi joka lile, gamba baada ya gamba. Lina vichwa viwili na halizidi kidole gumba. Mchango wa binamu ulikuwa kukoroma kwenye kitanda cha juu yangu bwenini.

"Hilo langu," nikamwambia binamu.

"Lako? Limekuita baba?"

Shangazi, mama yake, akadakia. "We mtoto, wivu utakuua. Muache mwenzio."

"Shangazi, huyu hajui kupaka rangi hata ukuta."

"Na wewe hujui adabu. Ukoo mzima tunajua."

Kweli tupu. Mimi ndiye niliyejaza dawa ya meno kwenye biskuti za bweni zima. Nani angeniamini?

Jaji akaja. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo bandia anaijua. Akatuwekea visanamu viwili visivyo na rangi, na kisanduku cha rangi na brashi. Kisanduku changu, ambacho binamu alikuwa amekikwapua pia.

"Kila mmoja apake jicho moja. Atakayebainika mwongo asikanyage tena ukumbi huu."

Binamu akaanza. Akazamisha brashi mpaka shingoni, kama anachovya mkate kwenye chai, akaitua puu. Jicho likameza uso mzima.

"Mkono unatetemeka kwa kusingiziwa," akasema.

Zamu yangu. Nikachukua brashi nyembamba, nikafanya ninachofanya mara mia kwa siku bila kufikiri. Nikailamba ncha ichongoke...

Shubiri.

Wasomaji, niliipaka mwenyewe. Wiki nzima brashi zangu zilikuwa zikirudi kisandukuni zinanuka dawa ya viatu. Nikajua ni binamu, na usiku wa kuamkia mashindano nikazipaka zote shubiri, nimnase akilamba, maana nilidhani kila mtu hulamba brashi. Kisha nikasahau.

Machozi yakanitoka. Ulimi ukajikunja. Nikatema kwenye tai ya shule.

Binamu akacheka mpaka akashika meza. "Mama, muone, anakula brashi. Nani mwenye akili zake analamba brashi?"

Jaji hakucheka.

"Kila mtu humu ukumbini," akasema.

Binamu akageuka. Washiriki wote walikuwa wamesimama wakimkodolea macho. Watatu walikuwa na brashi midomoni.

Kadi ikabadilishwa jina. Joka likashika nafasi ya pili. Shangazi hanisemeshi mpaka leo, na binamu ananiita Mla Brashi.

Ukumbi mzima uliamini kwamba shubiri ile ilikuwa hila ya binamu. Nikanyamaza. Shangazi si alitaka adabu?

Funzo: usiibe kazi ya mtu kama hujui hata ladha yake.