Saini Niliyompa Mkwe

"Mama Imelda, hii barua umeandika wewe?"

Simu ilinikuta nyuma ya nyumba yangu Nyamisangura, naanika dagaa. Aliyepiga ni Nora, matroni wa kambi wanakotunzwa mabinti kila Desemba ya mwaka ambao wazee wametangaza kukeketa. Mjukuu wangu Sheila, miaka kumi na mmoja, alikuwa huko wiki ya pili, na aliyemwandikisha ni mimi.

"Barua gani?"

"Inayosema nimkabidhi Sheila kwa mkweo Protasi leo, ampeleke Nyansurura kwa mama yake Protasi mpaka Krismasi ipite. Saini ni yako."

"Ni yangu."



"Mama, mtoto amekataa kupanda pikipiki. Amejifungia stoo ya mahindi. Anasema Jumapili Protasi alimpa simu aongee na bibi wa Nyansurura, na huyo bibi akamwambia ajikaze asilie, ameshanunuliwa mbuzi."

Kwetu maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Msichana anaambiwa ajikaze asilie na ananunuliwa mbuzi siku moja tu katika maisha yake. Dagaa nikawaacha hapo hapo na paka.

"Nora, funga geti. Nakuja."

Wewe mama unayesoma hii, najua utaniita mjinga. Kweli nilikuwa. Lakini sikiliza nilivyofika hapo, maana na wewe una binti, au una mjukuu, na mkwe kama wangu anaweza kuwa anakunywa chai kwako sasa hivi.

Baba yake Sheila, Athanas, alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji, huko machimboni wakati watu wanatoka kila mkoa kukimbilia dhahabu. Imelda mwanangu akabaki huko huko anawapikia wachimbaji, na Sheila akaacha shule darasa la tatu, akawa anagonga mawe pembeni ya karasha, mashine ya kusaga mawe, na watoto wenzake, nywele nyeupe kwa vumbi kama bibi kizee. Nililia mpaka nikachoka. Ndipo likaja shirika moja. Jina silitaji kwa sababu wao hawana kosa. Walipita vibanda vyote kuandika watoto, wakanunua sare na madaftari, wakaenda kubishana na walimu waliosema watoto hao ni watu wazima tayari. Sheila akarudi darasani.

Aliyeandika jina lake ni Protasi. Alikuwa mchimbaji mwenyewe kabla hajawa mtu wa kujitolea kwenye lile shirika, kwa hiyo alijua kuongea na watu wa mashimoni. Akawa anakula kwa Imelda kila siku, hata akiwa ameshiba.

"Leo una nini?"

"Ugali dagaa."

"Na kesho?"

"Ugali dagaa. Kwani hapa umeona hoteli?"

"Basi niwekee sahani yangu ya mwaka mzima, nisije nikanyang'anywa."

Imelda alinisimulia hayo akicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Protasi ndiye aliyemshawishi ahame machimboni, akamsaidia kupata kibanda cha chakula Bomani. Siku za mnada alikuwa anapanda juu ya meza na kipaza sauti, amevaa fulana ya shirika, anasema kisu hakijawahi kumfanya binti kuwa mtu mzima. Nilikuwepo nikapiga makofi. Mimi ambaye nilikeketwa, na Imelda nikampeleka mwenyewe kwa ngariba, nikamshika mabega akiwa na miaka kumi na mitatu. Kwa Sheila niliapa haitatokea. Nikaona Mungu amenitumia mkwe wa kunisaidia kushika kiapo.

Sasa kuna jambo watu wa kuja hawalijui. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaketi pamoja, jina lake hulitaji. Tunaita ensoni, ni aibu ya heshima. Tangu Protasi aseme anamtaka Imelda, nikikutana naye njiani mimi napita majani ya huku, yeye ya kule. Ukiwa na neno, unampa binti yako ampelekee.

Siku aliyoleta ile barua, Imelda alikuwa Sirari, binamu yake wa upande wa Kenya anamshonea gauni la harusi. Protasi alisimama nje ya ua wa minyaa, amenipa mgongo. Karatasi alikuwa ameiweka juu ya kigoda mlangoni, akarudi kusimama mbali.

Alisema kwa sauti ya upole kwamba ni barua ya likizo tu, mama yake anataka kumzoea mtoto kabla ya harusi. Kule kwao, alisema, mambo ya kisu yameshaisha.

Nilisoma. Darasa la saba nilimaliza, nasoma vizuri. Moyo uliniuliza, kwa nini Desemba? Kwa nini mwaka huu? Mdomo ukakataa. Kumhoji mkwe wangu uso kwa uso niliona ni kama kuvua nguo mbele yake. Na niseme kweli, harusi niliitaka. Nilichoka kusikia mwanangu akiitwa mjane wa mashimoni. Nikaweka saini, nikarudisha karatasi kwenye kigoda, nikaingia ndani ili aje aichukue.

Siku ile niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kisu.

Nikiwa kwenye bodaboda nikampigia Imelda. Alikuwa Sirari tena, anajaribu lile gauni. Nikamweleza, nikasikia cherehani ikizimwa upande wa pili.

"Sio Protasi, mama. Mama yake atakuwa amejisemea tu."

"Basi njoo umsikie mwenyewe."

Nilimkuta Protasi getini, ameegesha pikipiki ya shirika, kofia ngumu mkononi. Aliponiona akageukia ukuta kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta.

Sikuitika. Nikasimama upande wangu, tukangoja hivyo kama wagonjwa wawili waliosusiana, mpaka Imelda aliposhuka kwenye bodaboda na mfuko wa gauni kwapani.

"Protasi, mama yako amempigia mwanangu simu?"

"Mama ni mzee, Imelda. Unajua wazee."

"Sijauliza umri."

"Twende pembeni tuongee."

"Hapa hapa."

Akashusha sauti. Akasema ameongea na watu wa kwao miezi mitatu. Mjane wamemkubali, mtoto wa mtu mwingine wamemkubali, ila binti mkubwa ambaye hajakeketwa hawezi kulala kwenye boma lao, na ng'ombe wa mahari hawatatoka zizini mpaka hilo liishe. Amebembeleza, ameleta mpaka padri. Wamekataa.

"Ndipo nikatafuta njia," akasema. "Sio ngariba. Kuna nesi, anachoma ganzi. Anagusa kidogo tu mama aone damu, basi. Siku moja, Imelda. Halafu maisha yote ni yetu."

"Na mnadani huwa unasema nini juu ya meza?"

"Ile ni kazi."

Mama mwenzangu, nimesikia matusi mengi maishani. Sijawahi kusikia neno baya kama hilo, na alilisema taratibu, kama mtu anayeeleza bei ya sabuni.

Imelda hakupiga kelele. Alimshika mkono, na hapo ndipo niliogopa, kwa sababu nilimwona anampenda bado. Nilimwona anapima.

"Ukiwaambia hapana?" akamuuliza. "Ukinioa bila ng'ombe, tukakaa hapa hapa mjini?"

"Nitakuwa nani bila watu wangu?"

"Mume wangu."

Protasi akaangalia chini. 

"Nina mimba yako," Imelda akasema. "Mwezi wa tatu huu."

Akainua uso na kucheka. Kwa furaha kabisa, si kwa kejeli. Akamshika mabega.

"Sasa si ndiyo vizuri zaidi? Tulimalize hili la Sheila wiki hii, kabla tumbo halijaonekana."

Miguu yangu ilienda yenyewe. Nilizunguka nikasimama mbele yake. Akageuka upande mwingine haraka, nikazunguka tena. Akajikinga uso na kofia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akaniita, akaniuliza kama nimerukwa na akili, huyo si ni mkwe wangu. Nikaisukuma ile kofia kando, nikamshika kidevu.

"Nitazame."

"Mama, ni mwiko."

"Kuniangalia ni mwiko, na kumfunga mtoto miguu akatwe si mwiko? Nitazame, Protasi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. Akatazama. Nilidhani nitaona jitu la kutisha. Nikaona kijana mwoga, macho yamejaa machozi, anamtafuta mama yake. Hasira ikanizidi zaidi. Mwovu ningemwelewa. Huyu alijua kila kitu, alikisema kwa kipaza sauti mpaka wanawake wakalia, na bado angempeleka mtoto wangu.

"Hiyo fulana ivue," nikamwambia.

"Watu wanaangalia, mama."

"Mabinti wa wilaya hii wakitoroka majumbani wanaikimbilia hiyo fulana. Wameambiwa wakiiona wamepona. Ivue."

Nyuma ya seng'enge mabinti wa kambi walikuwa wamejaa, Nora mbele yao. Protasi akaivua. Akabaki na singlendi iliyotoboka, anamnyooshea Nora fulana bila kumwangalia.

Nora akaichukua, akaikunja na ile barua pamoja.

"Hii barua inaenda polisi, dawati la jinsia, leo," akasema. "Na wewe mama utaenda kuandika maelezo. Saini ni yako."

"Nitaenda."

Imelda alikuwa ameshaingia stoo. Alitoka na Sheila, mtoto ana unga wa pumba mpaka kwenye kope. Alimpita Protasi kama anayempita mtu asiyemjua. Protasi akaita, "Imelda." Hakugeuka. Mfuko wa gauni aliuacha pale chini, na nadhani mpaka leo hakuna aliyemuuliza ulienda wapi.

Kituoni nilikaa kuanzia saa nane mpaka jioni. Askari, binti mdogo tu, aliniuliza kama nilisoma barua kabla ya kusaini. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilijua Desemba hii ni ya nini. Nikasema ndiyo. Akaandika. Sikumwambia habari za ensoni, maana nilipowaza jinsi zitakavyosomeka kwenye karatasi niliona haya ya kweli.

Shirika lilimwondoa Protasi wiki ile, likabadili na utaratibu wa kambi yao. Siku hizi Desemba binti hatoki kambini kwa barua ya mtu yeyote. Mzazi anakuja mwenyewe, anasema mbele ya mtoto anampeleka wapi na kwa nani, na mtoto anaulizwa kama anataka. Kina baba wengine wananung'unika kwamba wamedharauliwa. Wadharauliwe. Mimi saini yangu ilikuwa safi kabisa, na bado ilikuwa inampeleka mtoto kwenye kisu.

Mama yake Protasi alinipigia. Alisema nimemlaani mwanawe kwa kumtazama, nyumba yake haitasimama. Nikamwambia nilimtazama muda mfupi, aliyemwona kwa miaka thelathini ni yeye. Akakata.

Imelda alilia miezi. Nisikudanganye kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa anapika kibandani, mteja akiomba ugali dagaa anageuka ukutani. Usiku sikuuliza anaongea na nani kwenye simu. Nilikuwa nahofia kila siku nitaamka nikute kitanda chake kitupu na cha Sheila kitupu. Hata kwenda sokoni nilikuwa naenda mbio. Hivyo ndivyo mwenye mtoto anavyoishi huku, na anayekwambia mambo hayo yameisha, muulize yameishia kwa nani. Mkwe akikuletea karatasi ya mtoto Desemba, mwite akae mbele yako. Mtazame machoni. Ensoni itakusamehe.

Mwezi wa sita Imelda akajifungua. Mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya mnada. Sheila ndiye aliyempa jina, Vivian.

Mtoto alipotimiza siku tisa, ujumbe ukaingia. Imelda alikuwa ananyonyesha, akanisomea bila kubadilisha sauti:

"Hongera mpenzi. Nimesikia ni wa kike. Mama amelainika sana. Amesema Sheila abaki kwa bibi yake, na huyu tutamwacha kwanza mpaka akue. Rudini nyumbani."

Akausoma mara ya pili. Pale penye "kwanza" akasimama.

Akanipa mtoto nimcheulishe, akatoka na simu uani. Aliporudi alikaa, akavuta khanga, akamchukua mwanae. Nikashindwa kuvumilia.

"Bado unampenda?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo maana laini nimeitupa chooni."